Nimezidisha kromosomu za tikiti mara mbili, mbegu za pakiti moja. Mbona miche haifanani?

#1 Shamba_Pembamnazi
Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoijua jenetiki ya mimea wanisaidie, hili jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Nina eka moja na nusu huku Pembamnazi, Kigamboni. Nilitaka kutengeneza mwenyewe mzazi wa tikiti lisilo na mbegu, maana zile mbegu zake dukani unauziwa kwa kuhesabiwa moja moja. Kanuni yake si siri, Mjapani Hitoshi Kihara aliichapisha tangu 1951. Tikiti la kawaida lina kromosomu 22, yaani vibeba jeni 22 katika kila seli. Ukilitia dawa iitwayo kolkisini ukafanikiwa, zinakuwa 44. Huyo wa 44 ndiye mama. Ukimchavusha kwa chavua ya tikiti la kawaida unapata mbegu za kromosomu 33, na mche wa 33 unazaa tunda ambalo mbegu zake hazikomai. Unakuta vijiganda vyeupe laini tu, unatafuna na kumeza.

Dawa aliishika rafiki yangu ambaye ni fundi maabara, mimi sikuigusa. Miche 60 ilidondoshewa kwenye kitovu ikiwa bado na majani mawili ya mwanzo. 23 ikafa. 26 haikubadilika. 11 ikatoka na majani manene, na hiyo ndiyo niliyoipeleka shamba.

Sasa sikilizeni. Kati ya hiyo 11, miwili imerudi kuwa ya kawaida kabisa. Mmoja una majani ya namna mbili, tawi hili nene, tawi lile jembamba. Imebaki minane ambayo nina hakika nayo, na hiyo minane ndiyo inayonitesa. Minne imechelewa kutoa maua kwa zaidi ya siku kumi. Miwili imetoa tunda la mviringo wakati aina yenyewe ni ndefu. Miwili iko sawa na ya kawaida, isipokuwa unene wa jani.

Kwa akili yangu, sikuongeza jeni mpya hata moja. Ni kitu kile kile, nakala mbili zaidi. Kwa nini tabia ibadilike? Na kwa nini kila mche ushike njia yake?

#2 Kalumekenge
Nimekaa mkao wa kula. Waje wajuzi.

#3 Mtoto_wa_Temeke
Kumbe ndio nyie mnaotuletea matikiti ya kumaliza nguvu za kiume! Kitu hakina mbegu, wewe unayekila utapataje mbegu? Hiyo si ndiyo GMO yenyewe?

#4 BibiKitalu
#3 mwanangu, hapana. GMO ni pale jeni inapotolewa mahali na kupachikwa kwa kiumbe kingine maabara. Hapa hakuna kilichopachikwa. Na hiyo ndizi ya kuiva uliyokula asubuhi, ile ya kawaida ya sokoni, nayo ina kromosomu 33, yaani seti tatu za kumi na moja moja, ndiyo maana haina mbegu. Babu zako wameila, nawe umezaliwa. Seti za mmea zinameng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote.

#5 Fundi_Darubini
Mleta uzi, kabla hatujafika mbali: umejuaje kuwa hiyo minane ni 44 kweli? Unene wa jani hautoshi.

Kolkisini haiongezi kromosomu. Inazuia zile nyuzi zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili seli inapogawanyika. Kromosomu zimeshajinakili, zinakosa wa kuzivuta, zinabaki zote ndani ya seli moja. Kwa hiyo dawa inazipata seli zilizokuwa zinagawanyika saa ile tu. Na ncha ya mche ina tabaka tatu za seli. Unaweza kuwa na mche ambao ngozi yake ni 44 na nyama ya ndani ni 22, au kinyume chake. Huo wako wa matawi mawili ni mchanganyiko wa wazi. Lakini mchanganyiko mwingine hauonekani kwa macho.

#6 Shamba_Pembamnazi
Asante Fundi. Tulihesabu kloroplasti, zile chembe za kijani, kwenye zile seli mbili zinazolinda kitundu cha hewa chini ya jani. Kwenye hiyo minane zilikaribia mara mbili ya kawaida.

#7 Fundi_Darubini
Vizuri, ila hicho ni kipimo cha ngozi. Chavua na mayai hutoka tabaka la pili. Pima na ukubwa wa chavua. Ukikuta chavua ndogo kwenye mmoja wa hiyo minane, ujue huyo ni 44 nje na 22 ndani, na hiyo peke yake inatosha kuifanya miche isifanane.

#8 Mwalimu_Kipimo
Naona mnaelekea kwenye ugumu usio na sababu. Jibu la sehemu kubwa ni ukubwa wa seli. DNA ikiongezeka, kiini kinakua, seli inakua. Seli ikikua, ujazo unaongezeka haraka kuliko ngozi yake, kwa hiyo uwiano wa kuingiza na kutoa vitu unabadilika. Seli kubwa hugawanyika polepole. Mmea unaogawanya seli polepole unachelewa kukua na unachelewa maua. Jani linakuwa nene, vitundu vya hewa vinakuwa vikubwa na vichache. Hata tunda kuelekea mviringo ni jambo la kawaida kwa matikiti ya 44, wazalishaji wa mbegu wanalijua tangu zamani. Hakuna muujiza.

#9 Kijana_wa_Mlimani
Mwalimu heshima yako, lakini maelezo hayo yanajibu kwa nini minane itofautiane na ya kawaida. Hayajibu kwa nini minane itofautiane yenyewe kwa yenyewe. Seli zote zimekua kwa kiasi kile kile, sasa mbona minne tu imechelewa?

Mimi nasema tutazame epijenetiki. Chukua fremu mbili za Kariakoo, bidhaa zile zile, bei zile zile, lakini moja imeshushwa geti. Mzigo upo ndani, hauuzwi. Mmea una namna ya kushusha geti kwenye jeni: unabandika alama ndogo za methili juu ya DNA, au unakaza zile protini ambazo DNA imezungushiwa. Herufi za jeni hazijabadilika hata moja, ila jeni imenyamaza. Na ukimya huo unaweza kurithiwa seli hadi seli, mara nyingine mzazi hadi mtoto.

Jenomu, yaani jumla ya jeni zote za mmea, ikizidishwa ghafla, mpangilio wa mageti hutikisika. Kuna kisa kinachojulikana tangu 1934, Navashin alikiona kwenye mahuluti ya mmea uitwao Crepis: kromosomu za mzazi mmoja zinapoteza umbo zikikaa pamoja na za mwenzake. Baadaye ikajulikana kuwa jeni za kutengenezea ribosomu (mashine za seli za kuunda protini) za mzazi mmoja zinazimwa. Chen na Pikaard, 1997, kwenye jamii ya kabichi, waliutibu mmea kwa dawa ya kuzuia methili, na zile jeni zilizokuwa kimya zikaamka. Zilikuwepo muda wote.

#10 DadaMaabara
Kijana, nakurekebisha hapo. Mifano yako yote miwili ni ya mahuluti, yaani jenomu za spishi mbili tofauti zimewekwa nyumba moja. Huko vurugu ni kubwa na inaeleweka. Ndiko Barbara McClintock alikozungumzia mshtuko wa jenomu, jeni zinazoruka zikiamka na kuhamahama. Lakini mleta uzi hakuchanganya spishi. Amezidisha jenomu ya mmea mmoja, na huku hali ni tofauti sana. Kwa ule mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, aliyezidishwa mwenyewe kwa mwenyewe anaonyesha mabadiliko machache tu ya utendaji wa jeni, tena yanategemea aina uliyoanza nayo.

Tusimpe mkulima jibu la ngano na pamba, ambazo ni mahuluti, wakati ameuliza la tikiti.

#11 Kijana_wa_Mlimani
Nakubali marekebisho, dada. Nilikwenda mbio. Lakini "machache" si "hakuna". Ortrun Mittelsten Scheid na wenzake walionyesha kwa Arabidopsis huyo huyo, 1996 na tena 2003, kwamba jeni ile ile iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwenye mmea wa seti mbili iliweza kufifia au kuzimika kwenye mmea wa seti tatu au nne. Zaidi ya hapo, nakala iliyozimwa ikikutana na nakala hai ndani ya mmea wa seti nne, inaweza kuiambukiza ukimya. Kwenye seti mbili haikuwa hivyo. Hapo hakuna spishi ya pili, ni idadi tu.

#12 Kalumekenge
"Inaiambukiza ukimya." Hii sentensi naenda nayo nyumbani.

#13 Muhaya_wa_Mabibo
Mimi nauza ndizi hapa Mabibo miaka mingi, nisemee ninachokijua. Hizi ndizi zetu za kupika kutoka Kagera hazina mbegu, tunapanda machipukizi. Chipukizi ni mtoto halali wa mama mmoja, hakuna baba. Sasa mbona tuna majina chungu nzima na kila moja lina umbo lake? Hii fupi nene, hii ndefu, ile ya pombe ni chungu huwezi kuipika. Kama chipukizi ni nakala, zilianzaje kutofautiana?

#14 DadaMaabara
Muhaya, umegusa penyewe. Ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki zina seti tatu, wanaziandika AAA, na vipimo vya DNA vinaonyesha zote zinakaribia kuwa watoto wa mama mmoja wa kale. Tofauti za herufi ni ndogo mno. Walipopima alama za methili ndipo tofauti zilionekana nyingi zaidi. Haithibitishi kuwa methili ndiyo iliyotengeneza majina yenu yote, mabadiliko ya jeni moja moja nayo hutokea kwenye machipukizi. Ila ni ushahidi mzito kuliko wa Crepis kwa swali la leo.

(Kijana, pointi hii nimekupa mimi.)

#15 Mchare_Asilia
Mnasema seti tatu, seti tatu, mmetusahau wa Kilimanjaro. Mchare ni seti mbili tu, 22, na haina mbegu vilevile, na kwa mtori haina mpinzani. Kwa hiyo si kila kisicho na mbegu kimezidishwa.

#16 BibiKitalu
Na tena ndugu yake wa pwani, ile Mlali ya visiwani, Unguja na Comoro, jamaa zake ndio waliochangia seti mbili kati ya tatu za ndizi ya Cavendish inayouzwa dunia nzima. Gameti, yaani seli ya uzazi, ilishindwa kugawanyika nusu, ikaenda na seti zote mbili, ikakutana na seti moja ya ndizi nyingine. Kuzidishwa bila kolkisini. Asili inafanya hivyo bila maabara.

#17 Muhaya_wa_Mabibo
#15 mtori tunauheshimu. Ila kwa samaki, njoo kwetu.

#18 Mzee_wa_Muheza
Vijana, nimesoma kimya kimya. Nimefanya kazi mashamba ya mkonge Tanga. Mkonge wa zamani, *sisalana*, ulioletwa na yule Mjerumani Hindorf kutoka Mexico 1893, una seti tano za kromosomu, karibu 150. Haukubali kuzaa kwa mbegu ipasavyo, unazaa vitoto juu ya mlingoti wa maua. Lakini chotara 11648, aliyezalishwa huku huku kwetu Tanganyika katika kazi iliyoanzia kituo cha utafiti cha Amani, ana seti mbili tu, 60. Na yeye ndiye anayetoa majani mengi zaidi kabla ya kutoa mlingoti. Kwa hiyo ndugu wa Pembamnazi, wingi wa seti usikufanye uamini unapata nguvu zaidi.

#19 Msomaji_Tanga
Shikamoo mzee. Asante kwa darasa. Rekebisho dogo: Hindorf aliiagiza Florida, Marekani. Mmea kwa asili ndio wa Mexico. Ilifika Tanga hai 62 tu.

#20 Mzee_wa_Muheza
Marahaba. Uko sahihi, Florida. Hizo 62 nilizisikia kwa wazee wangu.

#21 Mwalimu_Kipimo
Na kahawa ya arabika ni mfano upande wa pili. Ina 44, imetokana na robusta na eugenioides, kila mmoja 22, walikutana wenyewe porini mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Robusta haiwezi kujichavusha yenyewe. Arabika inajichavusha. Tabia nzima ya uzazi imegeuka. Na jenomu zake mbili zimekaa kwa utulivu, hakuna mzazi aliyemnyamazisha mwenzake kwa kiasi cha kutisha. Kwa hiyo hata kwa mahuluti, mshtuko si sheria.

#22 MamaTikiti_Mkuranga
Wote mmesoma sana, nami nawaheshimu, lakini hakuna aliyeuliza swali la mkulima. Mbegu ilikuwa aina gani na ulinunua wapi? Mimi nalima tikiti miaka tisa. Tunda la mviringo kwenye shamba la tikiti refu nimeliona mara nyingi bila kolkisini wala nini. Ni pakiti imechanganywa.

#23 Shamba_Pembamnazi
Mama, ni Charleston Gray. Niliinunua duka moja Kariakoo. Nakiri, haikuwa pakiti iliyofungwa. Alinipimia kutoka kopo lililokuwa wazi.

#24 MamaTikiti_Mkuranga
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kwenye kopo la wazi wanaingiza mabaki ya makopo mengine. Sugar Baby ni ya mviringo, ikidondokea humo hakuna atakayejua. Ile 26 ambayo haikubadilika uliipanda? Kama nayo imetoa matunda ya mviringo, umepata jibu bila methili.

#25 Shamba_Pembamnazi
Niliitupa. Niliona haina kazi tena. Sasa ndiyo naona nilitupa kipimo changu.

#26 Fundi_Darubini
Usijilaumu sana, somo limepatikana. Ila kuna jambo jingine sijaliona likitajwa. Dawa ile ile inayozuia nyuzi inaweza kuzizuia nusunusu. Unapata seli ya 43, au 45. Kromosomu moja pungufu ni zaidi ya jeni elfu moja zilizopungua dozi kwa pamoja, na kila mche unaweza kupoteza tofauti. Mimi hii naiweka mbele ya methili. Kloroplasti haziwezi kukuonyesha, ni lazima kuhesabu kromosomu kwenye ncha ya mzizi.

#27 Mtoto_wa_Temeke
Mimi wa #3. Nimesoma yote, nimeelewa, naondoa kauli yangu ya nguvu za kiume. Sasa naomba kuuliza: hiyo dawa naipata wapi, nami nina michungwa yangu Chanika nataka kujaribu nyumbani.

#28 Nesi_Mstaafu
Mwanangu wa Temeke, nakuomba usijaribu nyumbani. Kolkisini ni dawa ya jongo, inatolewa kwa vipimo vidogo sana na daktari, na tofauti kati ya dozi ya kutibu na ya kuua ni ndogo. Inaanza kama kuharisha na kutapika, watu wanadhani ni chakula kibaya, kisha viungo vinafeli siku zinazofuata. Hata lile ua linalotambaa vichakani huku pwani, petali nyekundu na njano zilizopinda juu kama ndimi za moto, lina kolkisini kwenye kiazi na mbegu zake. Walio na watoto waling'oe karibu na nyumba, na wavae glavu. Kazi hii ni ya maabara, kama alivyofanya mleta uzi.

#29 Mtoto_wa_Temeke
Nimekuelewa mama. Asante.

#30 Shamba_Pembamnazi
Asante Nesi. Wakuu, swali la pembeni. Nina chavua nyingi kwenye hii ya 44 na maua ya kike mengi kwenye tikiti la kawaida. Nikigeuza, baba awe 44 na mama 22, si nitapata 33 ile ile?

#31 Kijana_wa_Mlimani
Hesabu ni ile ile, matokeo sivyo. Utapata mbegu tupu au mapepe. Na hapa, wakuu, naomba mnisikilize, maana huu ndio mfano safi kuliko yote niliyoleta.

Ndani ya mbegu kuna kiinitete na kuna chakula chake. Chakula hicho kwa kawaida kina sehemu mbili za mama na moja ya baba. Baadhi ya jeni humo zimepigwa muhuri: hii inafanya kazi ikitoka kwa mama tu, ile ikitoka kwa baba tu. Herufi ni zile zile, muhuri ndio tofauti. Ukimleta baba mwenye seti mbili kwenye chavua, uwiano unakuwa mbili kwa mbili, jeni zenye muhuri wa baba zinazidi, na ghala la chakula linaharibika. Ukimfanya mama ndiye 44, uwiano unakuwa nne kwa moja, nao si sawa, lakini tikiti linaweza kuuvumilia. Kama ingekuwa ni idadi ya jeni tu, ile jumla ya nne, iliyo karibu zaidi na tatu ya kawaida, isingeshindwa na ile ya tano. Imeshindwa, kwa sababu jeni inakumbuka imetoka kwa nani.

#32 Mwalimu_Kipimo
Hilo nakubali bila kinyongo, ni epijenetiki halisi na iko shambani kwake. Lakini inaeleza mbegu, haielezi maua kuchelewa.

#33 BibiKitalu
Mleta uzi, hiyo minne iliyochelewa umeipanda wapi? Visima vya Kigamboni vingi vina chumvi.

#34 Shamba_Pembamnazi
Bibi, umenifanya nitoke na tochi usiku huu. Mitatu kati ya minne iko mstari wa mwisho, karibu na kisima. Maji yake tunayajua, chai yake ina ladha. Mmoja uko katikati ya shamba, mbali kabisa.

#35 DadaMaabara
Inashangaza, kwa sababu mmea wa seti nne mara nyingi huvumilia chumvi kuliko wa seti mbili. Kwa Arabidopsis ilionekana 2013 kuwa wa seti nne hukusanya potasiamu zaidi kwenye majani. Kwa hiyo chumvi haikupaswa kuwa mzigo mkubwa. Labda kama seti hazikukamilika, kama asemavyo Fundi.

#36 Fundi_Darubini
Au kama mizizi ni 22. Dawa ilidondoshwa kwenye kitovu, mizizi haikuguswa. Jani la seti nne halisaidii sana kama mzizi ni wa kawaida. Na pia, mleta uzi, kama mizizi haikuguswa basi usihesabu kromosomu kwenye mizizi ya mche wenyewe kama nilivyosema #26. Nilikosea. Otesha mbegu zake, hesabu kwenye mizizi ya watoto.

#37 MamaTikiti_Mkuranga
Watoto ndio watasema. Chavusha ua kwa ua la mche huo huo, funika kwa karatasi nyuki wasiingie. Panda watoto wa kila mche mistari iliyochanganywa, usiwaweke wote karibu na kisima. Na pembeni panda Charleston Gray ya pakiti iliyofungwa, usiitupe tena.

#38 Shamba_Pembamnazi
Nimerudi baada ya siku 19. Nilipasua tunda la kwanza la mche ule wa katikati, uliochelewa ukiwa mbali na chumvi. Mbegu zilizojaa ni 14 tu, pana na nene kuliko za kawaida, nyingine zote mapepe. Nilizipanda zote 14. Zimeota 6. Tatu kati ya hizo jani la kwanza ni nene, mbili siwezi kuamua, na moja ina jani lililokunjamana ambalo sijawahi kuliona kwa mama yake.

Fundi, ncha za mizizi zikatwe asubuhi au jioni?

#39 Fundi_Darubini
Asubuhi mapema. Na huyo aliyekunjamana mhesabu wa kwanza.

#40 Kijana_wa_Mlimani
Mkuu, huyo aliyekunjamana usimuue kwa kumkata mizizi yote. Mwache afike maua.

#41 Muhaya_wa_Mabibo
Likishaiva nileteeni hapa Mabibo, nitaliweka mbele ya meza.

#42 Mwalimu_Kipimo
Weka picha ya jani, pande zote mbili, na rula pembeni.